Mrejesho: gari langu kuukuu sasa linatembea kwa umeme

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama naweza kung'oa injini ya petroli na kufunga mota ya umeme bila kufilisika. Nilishika ushauri wa kununua Nissan Leaf iliyogongwa, ambayo ni gari la umeme: mota, inveta (kifaa kinachobadili umeme wa betri ili uendeshe mota) na betri ya kWh 24 vyote vimetoka humo. Giaboksi ya zamani nimeibakiza, klachi nimeitoa. Natembelea gia ya pili karibu muda wote.

Kilichonitesa ni breki. Injini ikiondoka, na ule mvuto wa hewa unaosaidia breki unaondoka nao. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe mpaka nilipofunga pampu ya umeme ya kuvuta hewa hiyo. Hilo mbona hamkunionya, jamani?

Moduli 48 za betri, yaani vipande vinavyoiunda, nimezigawa mbele na nyuma. Hita bado sijafunga.