MREJESHO: Kifusi cha ukuta na plasta, Isevya Tabora

Wakuu, niliuliza kama kifusi cha ukuta uliovunjwa kitaisha kwa tripu moja ya tipa la tani 3.5. Hakikuisha, zimekwenda tripu tatu.

Hesabu ni hii. Ukuta wa tofali za kuchoma, mita 9 kwa 2.7, unene sentimita 15, ni mita za ujazo 3.65. Plasta pande mbili, 0.73. Jumla karibu 4.4. Ukishavunja, vipande vinaachiana nafasi na kifusi kinavimba kama nusu zaidi: 6.5 hivi. Kwa macho bodi inaonekana ina nafasi, ila uzito ndio unaowahi. Mzigo wote ni kama tani 8, hivyo kila tripu usizidishe mita za ujazo 2.8. Kikinyeshewa kinazidi uzito, kifunikeni turubai.

Aliyenionya tipa lisipite juu ya shimo la choo, ahsante sana ndugu yangu. Mfuniko wa zege haukujengwa kubeba tipa. Gari ligeuzie mbali nalo. Kwenye mchanga wetu huu, weka mbao chini ya tairi za nyuma kabla halijapakiwa, siyo likishazama.

Nondo na bati weka kando, wa chuma chakavu wananunua. Tofali nzima gonga udongo, zinajengea tena. Jipsamu isichanganywe na kifusi cha kujazia msingi: ikilowa inalainika, sakafu inatitia. Na bati za asbesto (zile za zamani za saruji yenye nyuzi, vumbi lake ni hatari kwa mapafu) msizivunje kabisa. Zilowesheni, zishusheni nzimanzima, zifungwe nailoni nzito, zisipande tipa hili.