Ngitili ya ekari 5, ng'ombe 14: nifungue lini?

Jembe Butu
Wakuu, habari za leo. Niko Shinyanga, nimeachiwa na mzee ngitili ya ekari 5, yaani eneo la malisho linalofungwa ili nyasi zibaki kwa ajili ya kiangazi. Nililifunga mvua zilipoanza Novemba. Sasa Juni inaisha, nyasi zimefika kiunoni, na jioni ng'ombe wakirudi wananyoosha shingo juu ya ua wa miiba. Mwaka jana nilifungulia wote 14, mwezi haukuisha pakawa uwanja wa mpira. Kufika Oktoba maksai mbavu nje, nikachelewa kulima. Mwaka huu nifungue lini?

Mama Ndama
Pole kaka. Kabla ya lini, tuambie nani anaingia. Kwetu ngitili ilikuwa ya maksai, ndama, mgonjwa na aliyezaa. Wengine wote walikwenda mbugani kuhangaika.

Kamba ya Kupimia
Piga hesabu, mkuu. Ng'ombe wa asili wa kilo 250 anakula kama kilo 6 za nyasi kavu kwa siku. Ekari 5 ni hekta 2. Tuseme kila hekta imekupa tani 1.5, jumla tani 3. Nusu iache isimame, ndiyo mbegu yako na ndiyo inayofunika udongo. Una kilo 1,500. Wote 14 wanazimaliza kwa siku 18. Maksai wawili peke yao, miezi minne.

Jembe Butu
Siku 18! Na mimi nilikuwa najiona nina akiba.

Soko la Jumatano
Uza wanne sasa hivi wakiwa na nyama. Oktoba utawabembelezea wanunuzi.

Mama Ndama
Hilo la kuuza ni kweli ingawa linauma. Lakini mabua si umeshavuna? Anza na mabua Julai yote, ngitili ifungue Agosti. Igawe vipande vitatu, usifungue cha pili kabla cha kwanza hakijaisha. Maksai na mwenye ndama waingie asubuhi saa chache, halafu watoke. Ukiwaacha humo kutwa, watakanyaga zaidi ya wanachokula. Na angalia shamba la mtama: visiki vikichipua upya, yale machipukizi yana sumu, yanaua ng'ombe.

Mzee wa Zamu
Mwanangu, ekari 5 usizidharau. Operesheni Vijiji ilipotuhamishia vijiji vya ujamaa, ngitili nyingi ziliachwa zikaisha. HASHI, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilipoanza 1986 ilibidi watu waanze kufunga maeneo upya. Wewe umerithi iliyosimama. Lima kinga moto kuzunguka eneo lote wiki hii, upana wa mkokoteni kupita, maana nyasi za kiunoni zikishika moto Septemba huzimi.

Halafu hizo zimeshakuwa njano, lishe imepungua. Mwakani kata kipande kimoja zikiwa zinatoa maua, anika, weka darini.

Jembe Butu
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Kinga moto naanza kesho. Tatizo jingine: kuna mtu anaingiza ng'ombe wake usiku. Juzi nimekuta miiba imesogezwa na kinyesi bado kibichi. Nimvizie?

Mzee wa Zamu
Marahaba. Usimvizie, mtaumizana gizani. Nenda kwa sungusungu mapema, wakaone nyayo kabla hujaingiza ng'ombe wako. Ukishafungua, utathibitishaje kwato ni za nani?