Fundi kanipangia marumaru za sentimita 60 kwa 120 juu ya sakafu yenye mabonde, sasa ananiambia "ni kawaida"

Wakuu, nimevumilia wiki tatu. Leo naandika.

Nyumba yangu iko Nyasaka, upande wa mlimani. Mnaoijua Mwanza mnaelewa: nusu ya msingi imekaa juu ya mwamba, nusu juu ya kifusi tulichojaza na kushindilia. Jamvi, yaani zege la sakafu, lilimaliziwa giza limeshaingia, mafundi wanamulika kwa tochi za simu, na sakafu ikabaki ilivyobaki. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Sakafu naipima kwa macho, na kwa macho, ukiacha karibu na mlango wa jikoni, ilikuwa imenyooka.

Ila fundi marumaru ndiyo kazi yake. Siku aliyokuja kuangalia aliingia sebuleni, akazunguka mara moja, akataja bei. Rula hakuweka, kamba hakuvuta, pima maji haikutoka kwenye begi. Nikamuuliza, "Fundi, hapa karibu na mlango wa jikoni mbona kama pamebonyea?" Akanijibu, "Mama usiwe na wasi, gundi itabeba."

Sebule ni mita 6 kwa 5. Boksi moja lina vipande viwili, mita za mraba 1.44, kwa hiyo nilinunua maboksi 23 ili na za kukata na kuvunjika ziwemo. Hela ya dagaa hiyo, ya kuamka saa tisa usiku. Akapanga yote kwa siku mbili.

Siku ya kwanza kupiga deki, maji yote yakakimbilia mlango wa jikoni yakatuama. Kesho yake mama yangu, ambaye anatembea akiburuta mguu wa kushoto, akajikwaa katikati ya sebule, kidole kikachanika. Nikapiga magoti pale alipojikwaa. Nikapitisha ukucha kwenye maungio, ukagota. Nikalaza sarafu juu ya marumaru ya chini, haikufika ukingo wa ile ya juu. Nikapandisha ya pili, ndipo zikalingana. Sarafu mbili, wakuu, ndani ya nyumba ya kuishi na mama mzee!

Nikachukua mwiko wa ugali nikaanza kugonga kipande kimoja kimoja. Karibu nusu ya sebule inalia uwazi. Kimoja kilikuwa kimeshapasuka kona chini ya mguu wa friji, nikakibandua. Chini nikakuta mabonge matano ya gundi, manne kwenye kona na moja katikati. Kwingine kote hewa tupu. Mgongo wa marumaru una vumbi lake la kiwandani, gundi haijaugusa.

Mtoto wa dada yangu amesomea ujenzi. Alikuja na rula ya aluminiamu ya mita 2, akailaza chumba cha pili ambacho bado hakijapangwa, na mwanga ukapita chini yake. Akapima: milimita 14 mahali pabaya zaidi. Kwa marumaru kubwa namna hii, sakafu haitakiwi kupishana zaidi ya milimita 3 kwenye urefu wa mita 3. Ikizidi hapo unachonga vilima, unajaza mabonde kwa mota ya saruji au kwa ule mchanganyiko unaojisawazisha wenyewe, unaacha ukauke, ndipo unapanga. Gundi ni ya kushika. Ukiigeuza kuwa kifusi, bonge nene linasinyaa likikauka na kuivuta marumaru chini. Inatakiwa ichanwe kwa mwiko wa meno, mistari yote upande mmoja, na mgongo wa marumaru upakwe pia, ishike angalau asilimia 80 ya mgongo huo, bafuni 95.

Na kuna hili ambalo sikuwahi kuambiwa dukani wala saiti: marumaru ndefu mara nyingi hutoka kiwandani na upinde kidogo. Fundi kazipanga kama matofali, mwisho wa moja katikati ya nyingine, yaani pale palipoinuka pakakutana na pale palipoinama. Zinatakiwa zipishane theluthi ya urefu wake, zisizidi hapo. Klipu za kusawazisha alizitumia, ndiyo, lakini klipu inalinganisha kingo mbili zilizo jirani. Shimo la chini haliondoi.

Kinachoniuma si sakafu kuwa mbovu. Sakafu ni yangu. Angeniambia, "Mama, hapa kwanza tusawazishe, ni siku kadhaa na mifuko kadhaa ya saruji," ningeulizia bei, ningelalamika, ningelipa. Alinyamaza kwa sababu angechelewa kwenda saiti nyingine. Nilipompigia akasema ni kawaida, kisha akaomba aongee na mzee wa nyumba. Mzee gani? Aliyemlipa ni mimi, mkononi, noti kwa noti!

Sasa simu hapokei. Nimebaki na vipande vitatu, na dukani wameniambia toleo lile limekwisha, jipya rangi inapishana. Kubandua maana yake kuanza upya kila kitu.

Mafundi mliomo humu, msinitumie picha za kazi mlizomaliza. Nataka atakayefika Nyasaka na rula yake, ailaze sakafuni mbele yangu, aniambie milimita ngapi, ndipo tuongee bei.