Nilimpa fundi simu yenye wagonjwa wangu wote

daktari_wa_Tanga
Habari za jioni wana jukwaa. Ni daktari wa magonjwa ya akili. Asubuhi niko hospitali ya serikali, jioni mara tatu kwa wiki nina chumba changu cha kliniki hapa Tanga. Naomba ushauri, na naomba msinichape sana maana nimeshajichapa mwenyewe.

Wiki mbili zilizopita simu iliniponyoka ngazini, kioo kikapasuka. Nikaipeleka kwa fundi niliyemzoea, mstaarabu kabisa. Akaniomba namba ya siri ili akimaliza aijaribu. Nikampa. Nikaenda sokoni, nikarudi baada ya saa mbili, nikalipa, nikashukuru.

Jumatano iliyofuata akaja mama mmoja na bintiye. Binti ana sonona, ameanza kuinuka, hata dukani amerudi. Mama akasubiri binti atoke kupima uzito, ndipo akaninong'oneza: "Dokta, kijana wa mtaani kwetu kamwuliza mwanangu kama zile dawa za kichwa bado anakunywa." Kijana huyo ni msaidizi wa yule fundi.

Wala hakuhitaji ujanja wowote. Alifungua orodha ya majina tu. Na mimi nilikuwa nimewahifadhi hivi (majina nimebadilisha): "Asha Sonona". "Mama Faraja Bipola". "Kaka wa Yule wa Kamba". Huyo wa mwisho mdogo wake alijaribu kujinyonga, na kwa sheria yetu ya makosa ya jinai hilo bado ni kosa. Nimemwandikia mashtaka kwenye simu yangu mwenyewe!

Sasa nauliza. Niwaambie wagonjwa wote au huyu mmoja? Na kuanzia hapa niishije na simu? Wamezoea kunitumia kila kitu WhatsApp: picha za majibu ya vipimo vya damu vya dawa ya lithiamu, sauti za saa nane usiku, hata picha za vidonda.

mzee_wa_wodi
Dada, pole. Nilipoanza kazi, siri ya wodi ilikuwa kabati la mafaili, ufunguo mmoja, na karani aliyejua kunyamaza. Sasa hivi kabati limo mfukoni na tunalipeleka nalo harusini.

Kwangu jina la mgonjwa halikai na ugonjwa wake mahali pamoja. Kwenye simu naandika namba ya faili na herufi mbili. Ugonjwa uko kwenye faili, faili liko kliniki. Namba za wagonjwa ziko kwenye kitochi chenye laini ya peke yake. Kitochi hakina WhatsApp, hakina picha, na kikipasuka nanunua kingine.

Halafu kuna jambo ambalo hatukufundishwa chuoni: simu za kwetu si za mtu mmoja. Niliwahi kumtumia binti mmoja ujumbe, "Usisahau kliniki ya akili Alhamisi." Simu siku hiyo alikuwa nayo mama mkwe. Sitaendelea. Tangu hapo, mgonjwa akija mara ya kwanza namwuliza: simu hii nani mwingine anaishika? Nijitambulishe vipi akipokea mtu mwingine? Jibu naliandika faili kabla ya kuandika dawa. Na ujumbe wangu ni "Alhamisi saa nne", basi.

Huyo binti mwambie wewe mwenyewe, ana kwa ana, uso kwa uso na yeye, si kupitia mama yake. Usimwambie "kumetokea hitilafu". Sema: nilimpa mtu namba ya siri.

TEHAMA_Moro
Dokta, mimi ni wa kompyuta hospitalini, nitasema yangu kwa ufupi.

Simu ikienda kwa fundi tena: kama ni Samsung ya miaka ya karibuni, kwenye mipangilio kuna hali ya matengenezo. Ukiiwasha, fundi anaona simu kama mpya, anajaribu kioo, spika na kamera, lakini picha, meseji na majina yako hayaoni. Kama simu yako haina, kaa hapohapo dukani ufungue mwenyewe. Kahawa agiza ije.

WhatsApp inafunga ujumbe njiani tangu 2016, ni kweli. Ila ukishafika kwako umefunguka. Picha za vipimo zinajihifadhi pamoja na picha za watoto wako, kisha zinapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Zima hilo leo. Nakala ya mazungumzo inayokwenda Google nayo haijafungwa mpaka uwashe ufungaji wake mwenyewe. Upo tangu 2021. Weka pia namba ya siri ya WhatsApp yenyewe, maana mtu akikuibia laini ndiye atakayekuwa "Dokta" kwa wagonjwa wako.

Na majina unayohifadhi hayabaki kwako. Programu nyingi zinaomba ruhusa ya kuyasoma, sisi tunabonyeza "kubali". Mwaka 2016 huko Marekani kuna daktari wa akili aliyeambiwa na wagonjwa wake kwamba Facebook inawapendekezea wagonjwa wenzao kuwa marafiki. Dhana ilikuwa kwamba wote walikuwa na namba yake kwenye simu.

bush_doctor
Mnamtisha bure. Madaktari wa akili nchi hii tunahesabika. Mgonjwa wangu yuko kilomita 200, nisipompokea WhatsApp saa nane usiku nani atampokea, kitochi? Siri ya marehemu haina kazi. Fundi kapiga umbea, basi. Uswahilini wanajua tu nani kapelekwa Mirembe, hospitali ya akili.

daktari_wa_Tanga
@bush_doctor kaka, wanajua, ndiyo. Lakini safari hii wamejulia kwangu.

TEHAMA_Moro
@bush_doctor kuna kampuni ya tiba ya saikolojia Finland, Vastaamo. Walioibiwa maelezo yao ni kama watu 33,000. Oktoba 2020 mwizi alianza kumwandikia mgonjwa mmojammoja: lipa euro 200 au nitoe uliyomwambia mtaalamu wako. Mwaka 2021 kampuni ikafilisika. Hao nao walikuwa wanaokoa watu.

Nakuru_psych
Pole daktari. Huku Kenya sheria ya 2019 inatupa saa 72 kumjulisha Kamishna wa data tangu ujue, kisha mgonjwa naye aandikiwe. Kwenu sheria ya taarifa binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na habari za afya ni taarifa nyeti, kwa hiyo kliniki yako ya jioni nayo imo, hata kama ni chumba kimoja. Nenda kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi wewe mwenyewe kabla hujapelekwa. Kuhusu wa kamba: huku Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Hata hivyo sisi bado tunaandika kwa tahadhari.

mama_vitenge
Mimi ni mgonjwa, si daktari. Daktari wangu nimemhifadhi kwa jina la fundi cherehani, na yeye anajua. Akipiga anauliza, "Nguo imefika?" Nikisema bado, anajua niko na watu.

Msituondolee WhatsApp. Ila kuna kitu hamjakigusa: malipo. Nikilipa kwa simu, ujumbe unaorudi una jina la kliniki, na la kwetu limeandikwa "Afya ya Akili" herufi kubwa. Mume wangu anasoma meseji zote za pesa. Nalipa taslimu, nauli ya bodaboda juu.

daktari_wa_Tanga
Asanteni. Jina la namba ya malipo nimeomba libadilishwe leo asubuhi, sikuwahi kuliwaza. Kitochi nimenunua. WhatsApp nimeiacha kwa wale wanaoihitaji kweli, simu ikiwa na namba ndefu asiyoijua mtu, hata mwanangu.

Yule binti nimemweleza Jumamosi. Alikaa kimya, kisha akauliza nilikuwa nimemwandikaje. Nikamwonyesha. Akaiomba simu, akalifuta mwenyewe, akanirudishia.

Waliobaki ni 143. Nimeanza kuwapigia, nimefika 61. Wawili wamesema hawarudi tena, mmoja kanipa pole. Yule kaka wa mgonjwa hapokei. @mzee_wa_wodi, huyo nimfuate nyumbani au nimwache mpaka tarehe yake?