Filta Ipi Inunuliwe Kwanza

Mpwa: Shikamoo Mjomba, shikamoo Mama Mdogo. Nimepata kamera yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55, na nimeonyeshwa seti ya filta tisa, zikiwemo za rangi ya chungwa na za buluu. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha.

Mjomba: Marahaba, mwanangu. Seti hiyo iache. Filta za kurekebisha rangi ya mwanga zilikuwa na kazi kubwa enzi za filamu. Kamera ya dijitali huirekebisha yenyewe, na hata baadaye unaweza kuirekebisha kwenye kompyuta. Kama fedha zako zinatosha filta moja tu, nunua polaraiza, yaani filta ya kuzungusha inayopunguza mng'ao, kwa sababu mng'ao unaofunika maji au majani mabichi ukishaingia kwenye picha, hakuna programu itakayokurudishia kilichokuwa chini yake. Simama ukingoni mwa mto, uizungushe polepole huku ukitazama kupitia kamera: weupe wa anga juu ya maji utafifia, na kokoto zilizo chini zitajitokeza moja moja.

Mpwa: Je, na anga litakuwa la buluu zaidi kila upande?

Mjomba: Hapana. Nguvu yake huwa kubwa jua likiwa ubavuni mwako, yaani nyuzi 90 kutoka unakoelekeza lenzi, na hupotea jua likiwa mbele au mgongoni. Pia hupunguza mwanga kwa stopu 1 hadi 2 (kila stopu hukata mwanga nusu), kwa hiyo ivue ukiingia ndani.

Mama Mdogo: Marahaba, mwanangu. Wauzaji watakusisitizia filta ya UV, ya kuzuia mionzi ya urujuanimno, lakini sensa ya kamera tayari ina kioo kinachozuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo, basi faida inayobaki ni kuikinga lenzi na vumbi, mikwaruzo na chumvi ya bahari. Mimi niliisahau kwenye lenzi usiku nilipopiga picha ya daraja lenye taa, na kila taa ikazaa nukta hafifu ya kijani upande wa pili wa picha.

Mpwa: Na yale maporomoko yanayoonekana laini kama pamba?

Mjomba: Hiyo ni kazi ya filta ya ND, kioo cheusi kinachopunguza mwanga ili picha ichukue muda mrefu. ND1000 hupunguza mwanga kwa stopu 10, hivyo picha ya sekunde 1/60 itahitaji takriban sekunde 17, na kamera lazima iwe kwenye stendi. Hiyo isubiri.

Mama Mdogo: Usisahau kusoma namba iliyo kando ya alama ya Ø mbele ya lenzi, yaani kipenyo cha filta kwa milimita, maana 18 hadi 55 si kipimo cha filta.

Mpwa: Nimeitazama sasa hivi, imeandikwa Ø58. Seti niliyoonyeshwa ni ya 52, isingeingia hata moja.