Punda wangu anakaribia kuzaa, waliopitia tupeane uzoefu

Wa Misungwi: Wadau habari zenu. Punda wangu alipandwa mwaka jana, miezi 12 imeshatimia, kiwele kimejaa na jana nimeona vitone kama nta kwenye chuchu. Bado namfunga mkokoteni wa maji ila madumu nimepunguza. Niandae nini?

Wa Magu: Mfungue huo mkokoteni leo leo! Ikishatoka nta mara nyingi ni siku moja mbili tu, na hawa wanazaa usiku.

Mama wa Kisesa: Umenikumbusha mbali. Wangu alianza saa 8 usiku mvua inapiga, mimi na mwanangu na tochi ya simu, tukategemea kuona ule mfuko mweupe, unatoka mwekundu! Mwanangu ananiambia mama tusubiri, bahati mtu wa mifugo alishanieleza ukiona mwekundu kondo la nyuma limebanduka mapema, mtoto anakosa hewa humo ndani, basi nikauchana hapo hapo nikashika miguu ya mbele, akisukuma navuta kwenda chini, akitulia natulia. Kakatoka kamelegea kabisa. Nikakasugua na gunia, nasugua huku nalia, mpaka kakapiga chafya.

Wa Igoma: Mama pole, nimesisimka mwili.

Wa Magu: Ila msimfundishe mtu kuvutavuta. Jirani yangu alivuta kondo likakatika, kipande kikabaki ndani, punda akafa.

Mama wa Kisesa: Soma vizuri baba, nimesema mtoto sijasema kondo. Kondo liache lishuke lenyewe, masaa 3 yakipita halijatoka ita daktari wa mifugo.

Wa Sengerema: Kitovu paka majivu, wazee wetu ndo walivyofanya.

Wa Igoma: Hapana jamani! Mimi kangu kalikufa na pepopunda, kamekakamaa miguu kama mbao. Chovya ayodini. Na mama achanjwe mwezi mmoja kabla hajazaa.

Wa Sengerema: Wetu wamepona miaka yote na majivu.

Wa Magu: Tuache majivu. Ndani ya saa 1 kawe kamesimama, ndani ya saa 2 kawe kamenyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, hiyo ndo kinga yake.

Wa Misungwi: Nimeshamfungua, nimemtandikia nyasi kavu. Mama, nikiona mwekundu naweza kukupigia hata hiyo saa 8?

Mama wa Kisesa: Piga mwanangu. Simu yangu sizimi.