Kompyuta za kuchomea CD chuoni, akaunti moja kwa wote: mahojiano yangu ya siri yametoka na diski ya mtu mwingine

Wakuu, nina siku ya tatu silali vizuri, acheni niseme.

Chuoni kwetu flashi zilipigwa marufuku maabara kwa sababu ya virusi, vile vinavyoficha folda zako na kukuachia shotikati tupu. Hilo sikulipinga. Lakini tasnifu maktaba wanaitaka kwenye CD, na laptopu zetu nyingi hazina hata pa kuingizia diski. Kwa hiyo sote tunapanga foleni kwenye mashine mbili zenye raita (kifaa cha kuchomea CD), zinazofunguliwa kwa akaunti moja. Nenosiri limebandikwa ukutani!

Wiki iliyopita nilikaa kuchoma nakala ya akiba ya mahojiano yangu. Ni sauti za wanawake 19 walionieleza mambo ya ndani ya ndoa zao kwa ahadi kwamba tutakaosikia ni mimi na msimamizi wangu tu. Nikaburuta mafaili hadi kwenye alama ya diski, na kabla sijabonyeza kuchoma umeme ukakatika. Nikasubiri karibu saa nzima, nikatoa diski yangu ikiwa tupu, nikaondoka.

Kumbe mafaili yalibaki. Kwenye Windows, ukichagua ile njia ya diski ya kusomeka kwenye mashine yoyote, ukiburuta faili haliendi kwenye diski papo hapo. Linanakiliwa kwanza kwenye folda ya muda ndani ya akaunti unayotumia, linakaa hapo mpaka mtu achome au alifute. Kuzima mashine hakulitoi. Sasa akaunti ikiwa ya wote, na hiyo folda ni ya wote. Aliyekuja kesho yake aliweka tasnifu yake juu ya mafaili yangu, akachoma diski mbili. Moja kaikabidhi. Ya pili aliifungua nyumbani akakuta sauti za watu asiowajua, akanitafuta kwa sababu folda ilikuwa na jina langu. Mungu ambariki.

CD-R haifutiki, ukishachoma umechoma. Imebidi nikaiombe ile ya kwanza nikiwa nimesimama kaunta kama mwizi, na hadi leo sijui nani alishaifungua.

Nimekwenda kwa watu wa TEHAMA nikaambiwa "siku nyingine uwe makini". Makini kwa lipi, wakati hakuna karatasi hata moja maabara inayosema mafaili yanabaki? Kila mwanafunzi ana namba ya usajili, mfumo wa matokeo unamtambua kwa namba hiyo, kwa nini kompyuta ya maabara isimtambue? Na kufuta folda ya muda kila mtu anapotoka ni amri ya mstari mmoja!

(Halafu wenzangu wanafunzi: acheni kutoa diski ya mtu kabla haijamaliza kuhakikiwa eti foleni ni ndefu. Ikiharibika ni hela yake na siku yake.)

Nataka akaunti ya kila mtu, folda isafishwe, na nenosiri libanduliwe ukutani. Barua nimeshaipeleka kwa kamati ya maadili ya utafiti.

Jumamosi naanza kuwazungukia wale wanawake 19, mmoja mmoja, kuwaambia kilichotokea. Nimewaomba TEHAMA watoe mtu wa kuongozana nami. Mpaka naandika hapa hakuna aliyejibu.